Barua Niliyoiandika Vizuri Mno

Mama Eliza alinipigia simu saa nne asubuhi, nikiwa napanga upya karatasi za wateja ambazo tayari zilikuwa zimepangika. "Katibu," alisema, na hakuna mtu aliyekuwa ameniita hivyo kwa zaidi ya miaka kumi, "baba Eliza amepumzika jana jioni. Tunazika kesho kutwa. Wasifu utaandika wewe." Nilianza kumpa pole, maneno yakanikwama, nikaanza tena kwa mpangilio mwingine, nikaona huo nao haufai. Aliningoja mpaka nikanyamaza. Kisha akasema, "Ukurasa mmoja unatosha. Na ile ndoo usiiandike." Akakata simu. Nilibaki nimesimama katikati ya ofisi, kwa sababu katika miaka yote hiyo hakuwahi kuitaja ndoo mbele yangu, nami nilikuwa nimejidanganya kwamba ameisahau.

Mwaka ninaousema, Tunduma ilikuwa bado Mkoa wa Mbeya, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nachapa nyaraka katika kibanda cha stesheneri mbele ya yadi ya malori. Kuchapa nilijifunza mwenyewe. Kiingereza nilijifunza kwa kamusi iliyochanika kurasa za mwanzo, hivyo kwa muda mrefu nilikuwa dhaifu katika maneno yote yanayoanza na A. Mtu anayejifundisha mwenyewe hana wa kumwambia inatosha. Nilikuwa narudia ukurasa mzima kwa ajili ya nukta moja, na usingizini niliota nafasi mbili mahali palipotakiwa moja. Siku moja akaingia mwanamume mrefu, masikio yamekunjamana kama majani ya kabichi, akataka nimchapie sheria za mchezo wa raga kwa Kiswahili. Aliitwa Bashi Mutale, yaani baba yake Mutale, kwa desturi ya Wabemba. Alikuwa amechezea timu ya mgodi kule kwao Zambia mpaka mgodi ulipouzwa na watu wakapunguzwa, akaja mpakani kufanya uwakala wa forodha upande wa Nakonde. Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha. Nilimsahihisha mistari yote. Alicheka, akaniita kwa Kibemba kwanza, "Iwe, wewe si mchapaji, wewe ni katibu." Tangu siku hiyo nikawa katibu wa timu ya raga ambayo nusu ya wachezaji wake hawakuwa na viatu.

Walikuwa makuli wa kupakua mizigo, mawakala wadogo, wabadilisha fedha, na vijana wa bodaboda. Walicheza kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya yadi, nguzo za magoli zikiwa milingoti miwili miwili iliyofungwa boriti kwa kamba ya turubai. Watu wa Tunduma walidhani ni ugomvi. Mama mmoja muuza mihogo aliwahi kuingia uwanjani kuwaamulia. Bashi Mutale alikuwa na amri moja ambayo hakuiachia hata mvua ikinyesha: mechi ikiisha, wenyeji huwalisha wageni, na watu huketi kwa namba zao. Namba tisa na namba tisa, sahani moja. Namba tatu na namba tatu, sahani moja. "Umemwangusha chini," alisema, "sasa nawa mikono, ule naye. Usipokula naye, mlikuwa mnapigana tu." Chakula hicho alikipika Mama Eliza, mke wa namba tatu wetu, Sikazwe. Siku za kawaida aliuza chikanda sokoni: viazi vya porini vilivyotwangwa vikachanganywa na karanga, pilipili na magadi, vikaiva mpaka vikashikana kama mkate mwekundu wa kukatwa vipande. Madereva wa Kizambia walikipenda kuliko nyama. Nilikipenda pia. Nalisema hili mapema kwa sababu ya yatakayofuata.

Sikazwe aliumia katikati ya kiangazi, tukicheza na Nakonde. Kuna wakati katika raga watu wanane huinama, hushikana mabega, huingiza vichwa kati ya vichwa vya wanane wengine na kusukumana mpaka mpira upite miguuni. Ardhi ilikuwa ngumu kama saruji. Nilikuwa pembeni na daftari langu, naona mabega yakizama upande mmoja, kisha rundo zima likalala chini. Wote waliamka, mmoja baada ya mwingine, wakijipangusa. Sikazwe alibaki kifudifudi. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, yenye hasira kidogo, "Jamani, nani kanishika miguu? Niachieni." Hakuna aliyekuwa amemshika. Namba tatu wa Nakonde, jitu la watu aliyeitwa Chola, alipiga magoti pembeni yake akaanza kulia kwa sauti, na Bashi Mutale akapaza sauti, "Msimvute! Mwe bantu, mtu asimvute!" Ndiyo maana aliishi.

Alirudi nyumbani baada ya wiki nyingi za hospitali. Mikono ilikuwa inaanza kuamka. Miguu haikuamka tena. Walipanga chumba kimoja karibu na reli: kitanda, pazia la kitenge kilichochapwa samaki, majiko mawili, sufuria la chikanda lililofunikwa kwa sinia, na dirisha dogo lililoangalia ukuta. Nesi mmoja mstaafu wa jirani alituambia jambo moja tu. Mgonjwa wa namna hii hafi kwa shingo, hufa kwa vidonda vya mgongoni. Ageuzwe kila baada ya saa mbili. Mama Eliza alikuwa na mwili mdogo, Sikazwe alikuwa kuli. Hapo ndipo timu ilipofanya kitu ambacho sijawahi kuona watu wengine wakifanya: waliweka zamu. Walikuja wanne wanne, wakainama, wakashikana mabega vilevile kama uwanjani, mikono chini yake, na mmoja akahesabu: inama, shika, tulia. Walimgeuza bila kumtikisa shingo. Ratiba niliichora mimi kwa rula na kalamu za rangi tatu. Niliirudia mara sita kwa sababu mistari haikulingana. "Mnanigeuza kama maandazi," Sikazwe alikuwa akisema, uso ukiwa ukutani. "Upande huu bado mbichi." Mbadilisha fedha mmoja akamjibu, "Wewe tulia. Unanukia kuliko maandazi." "Mimi sasa ni lori limekwama mpakani, bwana. Nasubiri karatasi zangu zigongwe mhuri." Walicheka mpaka mtoto, Eliza, aliyekuwa na miaka tisa, akawafukuza kwa ufagio.

Mabega yalikuwepo. Kilichokosekana ni godoro zito, shashi, dawa za vidonda, na kiti cha magurudumu. Bashi Mutale alikuja kibandani akakaa juu ya boksi la karatasi. "Katibu, andika barua. Isomwe makanisani, msikitini, kwa wenye malori. Andika mpaka watu wasikie." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo niliyoichukua. Nilikwenda chumbani kwa Sikazwe na daftari, nikakaa kwenye kigoda tangu saa tatu hadi saa sita, nikiangalia. Ningeweza kuandika kwamba tunahitaji godoro. Nilitaka zaidi. Niliandika rangi ya shuka. Niliandika kidonda kilivyokuwa kipana kama kiganja cha mtoto. Niliandika ndoo ya haja iliyokaa hatua mbili kutoka kwenye sufuria la chikanda, kwa sababu chumba hakikuwa na mahali pengine pa kuiweka, na nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwa jinsi vitu hivyo viwili vilivyokaa vizuri katika sentensi moja. Nilipokuwa naondoka, Mama Eliza alikata kipande cha chikanda, akakiweka kwenye karatasi safi, akanipa kwa mikono miwili. "Umeshinda hapa bila kula, dada." Nilishukuru. Nilikishika njia nzima. Karibu na stendi nilikitupa mtaroni, nikaifuta mikono kwenye sketi.

Nimejaribu mara nyingi kujieleza kwa nini. Kipande kilikuwa safi. Mama Eliza alikuwa msafi kuliko mimi. Ndoo ile ilifunikwa, ilimwagwa, ilisuguliwa kwa majivu. Lakini nilikuwa nimeitazama kwa saa tatu nikiitafutia maneno, na maneno yangu yalikuwa yamenishika mimi kwanza. Ningejua kusoma hali yangu kama nilivyojua kusoma nukta, ningechana barua palepale. Badala yake niliichapa mara kumi na moja.

Ilisomwa Jumapili. Nilikwenda kanisani mapema nikakaa nyuma ili nione. Mzee wa kanisa aliyesoma matangazo alikuwa na sauti nzuri, na Kiswahili chake kilikuwa na mvuto wa Kinyiha unaofanya kila jambo lisikike kama simulizi. Alipofika kwenye ndoo alisita. Wanawake wakaanza kufuta machozi kwa ncha za vitenge. Nilihisi joto likinipanda shingoni, na halikuwa aibu, lilikuwa fahari. Kwenye kiti cha tatu kutoka mbele alikuwa ameketi Mama Eliza. Hakuna aliyemwambia kwamba barua ingesomwa siku hiyo, nami nisingeweza kusema nilisahau, kwa sababu huwa sisahau kitu. Sikuwa nimefikiria tu kwamba yeye naye ni msikilizaji. Shingo yake haikugeuka hata mara moja.

Vitu vilikuja. Godoro lilikuja, shashi ikaja katoni nzima, mfanyabiashara mmoja Mwislamu mwenye malori akaleta kiti cha magurudumu kutoka Dar es Salaam bila kutaka jina lake litajwe. Nilikuwa nikiorodhesha majina kwa mwandiko wa kulala nilipomsikia mteja kibandani akimwambia mwenzake, "Chikanda cha yule mama sikigusi tena. Hukusikia? Ndoo iko hapa, sufuria liko hapa." Aliongea bila ubaya, kama mtu anayetaja bei ya sukari. Niliacha kalamu, nikaenda sokoni karibu nikikimbia. Mama Eliza alikuwa kwenye meza yake. Chikanda kilikuwa kizima, hakijakatwa, kimeanza kupasuka juu kwa jua. Mwanamke mmoja aliyevaa vizuri alisimama, akafungua pochi, akaweka noti mezani. Mama Eliza akashika kisu. "Hapana, hapana, mama, usikate," yule mwanamke alisema, amerudi nyuma hatua moja. "Chukua tu. Tulikusikia kanisani." Akaondoka haraka. Mama Eliza aliiangalia ile noti. Mwenzake wa meza ya jirani, muuza dagaa, akamwambia kwa sauti ya chini, "Si uchukue, shoga." Akamjibu, "Mimi nauza." Kisha akaniona. Alichukua kile kisu akakifuta kwa kitambaa, taratibu, upande huu na upande huu, na aliendelea kukifuta mpaka nikaondoka.

Habari zilifika Msangano, kijijini kwao Sikazwe, kwa Fuso la mpunga. Alhamisi akaja kaka yake Sikazwe, mkulima mwenye ng'ombe, amevaa koti zito la suti juu ya fulana. Nilikuwa kibarazani nikisubiri kuomba radhi ambayo nilikuwa nimeshaiandika kwenye karatasi, aya tatu. Nilisikia kila neno kupitia pazia. "Shemeji, mdogo wangu hajafiwa na ndugu. Nani aliwapa ruhusa ya kumtangaza kama kuku aliyepotea?" "Mimi sikumtangaza, shemeji." "Sisi tunalima. Tuna mpunga. Watu wa Msangano wananiuliza njiani, kumbe ndugu yako anaoza Tunduma na ninyi mnakula?" Kaka mtu akasogeza kigoda kwa kishindo. "Jumapili Fuso linarudi. Mtapanda wote, na watoto." Mama Eliza alisema, "Na zamu za kumgeuza? Kule atageuzwa na nani?" "Na ndugu zake." "Ndugu zake mnaamkia shambani." Sikazwe ndiye aliyecheka kidogo kitandani. "Kaka, hawa wamenisomea. Wananigeuza kwa kitabu." Kaka mtu hakucheka. "Na wewe shemeji unabaki hapa kwa kazi gani? Hata hicho chakula chako watu hawali. Hilo nalo nimelisikia." Karatasi yangu ya aya tatu niliikunja nikaiweka ndani ya kiatu, sijui kwa nini ndani ya kiatu, nikaenda kumtafuta Bashi Mutale.

Nilimkuta kwenye foleni ya malori. Nilimweleza yote, hata kipande nilichotupa mtaroni. Alinisikiliza akiangalia lori mbele yake. "Barua ilisomwa Nakonde?" aliuliza. Haikusomwa, ilikuwa ya Kiswahili, na ile ya Kiingereza sikuwa nimeridhika nayo bado. "Basi Jumamosi wanakuja kucheza," alisema. "Atapika Mama Eliza, kama siku zote." Nikasema watu wetu hawatakula. "Awe, hapana, Katibu. Wenyeji hawali kwanza. Wageni ndio wanaokula kwanza." Nikamwambia basi nitaandika tangazo dogo la kuwaandaa wageni, waelewe hali. Aligeuka akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nianze kuongea. "Iwe," alisema, "usiandike kitu."

Sijui mpaka leo mechi iliishaje. Wao wanasema tulifungwa. Mimi nilikuwa nikitembea kutoka uwanjani mpaka kwenye reli na kurudi, nikipanga na kupangua viti vya kuazima mbele ya chumba cha Sikazwe. Mama Eliza alikuwa amepika tangu alfajiri: wali, maharage, kuku watatu, na chikanda sinia mbili. Alikuwa amepikia nje, mbele ya macho ya mtaa mzima, ndoo zote za nyumba zimewekwa nyuma ya choo. Majirani walisimama milangoni. Kaka mtu alikuwa ameketi ndani karibu na kitanda, koti lake limefungwa vifungo vyote, mizigo miwili tayari imefungwa kamba miguuni pake. Wachezaji walikuja wakiwa na vumbi mpaka kwenye kope, wakaketi namba kwa namba. Wa Nakonde walinawa, wakachukua chikanda kabla ya wali. Mmoja alisema kwa sauti mdomo umejaa, "Mama, hiki ni cha kwetu au cha kwenu?" Mama Eliza akamjibu, "Ni cha wenye meno. Wewe umebakiza mangapi leo?" Kicheko kikapasuka. Wa kwetu walitazamana. Kisha yule mbadilisha fedha akanyoosha mkono, akachukua kipande kikubwa, akala akimwangalia jirani mmoja machoni.

Chola, yule namba tatu, alikuwa bado amesimama na sahani yake. Akauliza namba tatu mwenzake yuko wapi. Kila mtu alijua alipo. Eliza akafunua pazia. Jitu lile likainama kuingia, likakaa sakafuni pembeni ya kitanda, likaweka sahani juu ya godoro kati yake na Sikazwe. Nilikuwa mlangoni na jagi la maji ya kunawa. Sikazwe alinyoosha vidole vyake ambavyo vilikuwa havijashika vizuri, akamega chikanda, kikaanguka. Akamega tena, kikaanguka. Chola hakumlisha. Alisubiri. Mara ya tatu kikafika. "Uliniangukia wewe," Sikazwe akamwambia huku akitafuna. "Ulivyo mzito, ungetangulia kula kabla hatujacheza, ungeniua kabisa." Chola alicheka na kulia kwa pamoja, punje za wali zikamwangukia kifuani. Kaka mtu aliangalia sahani ile kwa muda. Akafungua koti. Akaninyooshea mikono nimnawishe, maji yakatiririka kwenye mabakuli ya viganja vyake vya mkulima, akasogeza kigoda, akala nao. Alikula vipande vinne. Alipomaliza aliita, "Shemeji, hiki unapata wapi viazi vyake? Kwetu mabondeni havioti." Mama Eliza akajibu kutoka nje, "Ndiyo maana siwezi kuhamia kwenu."

Jumapili Fuso liliondoka na kaka mtu peke yake. Aliacha gunia la mchele mlangoni, akamwambia Eliza, "Mwambie mama yako huu si msaada. Huu ni wa kwenu." Soko la Tunduma halikurudi haraka. Mama Eliza alihamisha meza yake, akavuka mpaka kila asubuhi na sinia kichwani kuuza Nakonde, mahali ambapo hakuna mtu aliyemlilia kanisani, na ilichukua zaidi ya mwaka kabla hajarudi upande wetu. Zamu ziliendelea. Wachezaji waliondoka, wengine wakaja, wakafundishwa kuinama na kushika kabla ya kufundishwa kukimbia. Sikazwe alijifunza kushona mipira kwa vidole vyake viwili vilivyopona vizuri. Mimi nilikwenda pale kila wiki, nikaosha shashi, nikachora ratiba mpya. Radhi nilimwomba Mama Eliza kwa maneno ya kawaida, bila karatasi. Alisema, "Nimesikia." Lakini tangu siku ile, alipokuwa akigawa chikanda, sinia lilinipita. Hakufanya hivyo kwa chuki. Alimpa wa kulia kwangu, akampa wa kushoto kwangu. Nami sikuwahi kuomba.

Wasifu niliuandika kwa siku moja na nusu. Nilimpelekea Mama Eliza aukague, akasoma akifuata kwa kidole, akaomba kalamu. Mahali nilipoandika, "Aliugua kwa muda mrefu kwa uvumilivu mkubwa," alifuta kila kitu akaacha neno "Aliugua." Mengine aliyaacha. Nilisoma mbele ya jeneza kwamba alizaliwa Msangano, alikuwa kuli, alioa, alicheza raga akivaa namba tatu, aliugua, alishona mipira, alipata watoto na wajukuu, na aligeuzwa na marafiki. Hilo la mwisho nilihofia angelifuta. Chola alikuwepo, mvi kichwa kizima. Bashi Mutale alikuwa ameshatangulia, lakini walikuwepo wanane waliotosha, wakainama, wakashikana mabega, na mmoja akasema kwa sauti ya chini kabla ya kulishusha jeneza: inama, shika, tulia.

Baada ya mazishi nilikaa kwenye mkeka pembeni ya nyumba, nikikagua nakala ya wasifu kwa sababu nilikuwa nimeona nukta iliyokosekana. Mama Eliza alikuja na sinia, akaketi chini mbele yangu kwa taabu ya magoti. Alikata kipande. Akakishika mkononi bila kunipa. "Kile cha kwanza ulikipeleka wapi?" Nilimwambia. Mtaroni, karibu na stendi. Akatikisa kichwa. "Najua. Eliza alikuwa anakufuata na daftari lako, ulikuwa umelisahau, akaliacha kibandani kwako." Mtu ambaye hasahau kitu. Kisha akanipa, kwa mikono miwili. Nilikula. Alikaa palepale akinitazama mpaka nikameza, akauliza kama anavyomuuliza mteja yeyote, "Kikoje?"

Magadi yalikuwa yamezidi. Nikamwambia yamezidi.

"Eh," akasema, akionja mwenyewe. "Kweli yamezidi." Akakata kipande kingine, akaniwekea juu ya wasifu.